Kijani Alichokifuta Awiti

Kila mpiga picha wa harusi, kuanzia Parklands mpaka katikati ya jiji, alijua kwamba ukimpiga bibi harusi picha ukumbini, chini ya zile taa ndefu za tyubu, picha zitatoka na ukijani na bibi harusi ataonekana kama mtu aliyekula samaki wa juzi. Tena alijua dawa yake: mpelekee Awiti. Huyu Awiti Oloo, binti wa miaka ishirini na saba, alikuwa fundi wa kuosha picha za rangi katika duka la Mzee Pranlal, Mtaa wa Biashara, na hakuna aliyemshinda kwa kuondoa kijani. Aliingia chumba cha giza, akapanga vichujio vyake vya rangi, na baada ya muda bibi harusi akatoka na uso wa kupendeza, hata kama siku yenyewe alishinda akilia.

Ufundi huohuo ndio uliomponza.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nne, mwaka wa tisini na moja. Mvua ilikuwa imewabana watu chini ya vibaraza vya maduka, na Awiti alikuwa kazini kwa mwili tu. Jumamosi, saa sita mchana, watu wa Dalmas walitaka kufika Kileleshwa, nyumbani kwa Peres, dada wa Awiti aliyekuwa akiishi naye, kuja kumposa. Dalmas alikuwa mwalimu, mpole, hanywi, havuti, na ana meno mazuri. Peres alikuwa amezirudia sifa hizo mara nyingi mno, hata hayo meno yakaanza kumchosha Awiti kabla hajayazoea. Kilichobaki ni Awiti kutoa neno lake. Peres alimpa mpaka jioni ya siku hiyo, maana, alisema, wageni hawaalikwi kwa kubahatisha na nyama haiagizwi kwa labda.

Nayo labda ndiyo iliyojaa kifuani mwa Awiti. Miezi tisa iliyopita Inderjit, mhandisi wa simu, kijana Singasinga wa Parklands aliyependana naye kwa siri miaka miwili mizima, alipanda ndege kwenda mafunzoni Uswidi. Waliagana kwa ugomvi. Awiti alimwuliza jambo moja tu: mama yake atalisikia lini jina la Awiti? Inderjit akajibu kwamba mama ana presha, mambo haya yanataka polepole. Awiti akamwambia kwamba kwa miaka miwili hata kinyonga angekuwa ameshafika Mombasa. Baadaye zilikuja barua tatu, tamu, ndefu. Tangu Desemba hakuna kitu. Hakuandika nisubiri, hakuandika niache. Mwanamke aliyeachwa anajua kwamba ameachwa, na anayependwa anajua kwamba anapendwa. Awiti hakujua ajiweke upande gani, na kila alipoulizwa habari za Dalmas alijikuta akijibu kwa kukohoa.

Sasa, dukani kwa Mzee Pranlal kulikuwa na sheria. Bahasha za filamu ziliingia chumba cha giza zikiwa na namba tu, jina likabaki kaunta. Zamani mafundi waliona mambo kwenye negativu wakayapeleka vijiweni, na mzee aliapa kwamba hakuna ndoa itakayovunjikia dukani kwake. Kwa hiyo asubuhi ile Awiti alipochukua bahasha namba mia nne na kumi na mbili, hakujua ni ya nani na hakujali.

Akakuta theluji, stesheni ya reli, mlima mweupe. Kisha picha saba zilizompa kicheko peke yake gizani: anga kijani, theluji kijani, na hata watu wawili wadogo waliosimama mbele, wamejifunika makoti mpaka puani, wote kijani kitupu. Akajisemea kwamba filamu hii imeiva, mwenyewe kaisahau ndani ya gari juani. Akafanya kama alivyowafanyia mabibi harusi wote wa Nairobi. Akapunguza kijani, akapunguza tena, mpaka theluji ikawa nyeupe inavyotakiwa kuwa na anga likabaki kijivu lenye kamchirizi kama moshi wa jikoni. Akazikausha, akazitia kwenye bahasha, akaendelea na kazi nyingine akiwa ameridhika kabisa.

Saa nane mchana Mzee Pranlal akamwita kaunta. Mzee hakuwa na kawaida ya kumwita fundi mbele ya mteja, kwa hiyo Awiti alitoka akiwa ameshaandaa maneno yake kuhusu watu wanaooka filamu kwenye magari. Maneno yote yalimwishia mlangoni.

Inderjit alikuwa amesimama pale, kilemba cha buluu, koti limelowa mabegani, zile picha saba amezitandaza juu ya kioo cha kaunta. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa yaleyale, na Awiti aliyachukia kwa kuwa yaleyale.

"Sasa, Awi," alisema.

Miezi tisa, na neno lenyewe ndilo hilo. Awiti alitaka kumpiga kofi, alitaka kumshika hayo mabega yaliyolowa, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, alifuta mikono yake kwenye aproni.

"Umerudi lini?"

"Jumapili."

Awiti alihesabu siku kimoyomoyo. Nne. Kutoka Parklands mpaka hapa hata kwa miguu mtu hufika kabla viatu havijachoka. Mzee Pranlal, ambaye alikuwa na masikio makali kuliko macho, alichukua kamera ya maonyesho kwenye kabati akaanza kuifuta, kamera ambayo haikuwa na vumbi.

"Hizi ni wewe umeosha?" Inderjit aliuliza.

"Ni mimi. Filamu ilikuwa imeharibika, nikaiokoa."

"Haikuwa imeharibika." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu aliyekasirika. "Ile kijani ilikuwa kweli. Hiyo kijani ndiyo nilisafiri kuona."

Akamweleza, kwa maneno yaliyokuwa yakikatikakatika. Juu kabisa ya Uswidi, kule kwenye nchi za Aktiki, kuna mbuga ya taifa inayoitwa Abisko. Haina simba wala twiga. Watu huenda huko wakati wa baridi kutazama mbingu, kwa sababu usiku, mawingu yakiondoka, mianga ya kaskazini hujitokeza na kucheza angani, kijani, mpaka theluji nayo inageuka. Alikwenda kwa treni, usiku mzima na karibu mchana mzima. Filamu aliileta jana jioni makusudi, akijua ni Awiti atakayeiosha.

"Nilitaka uone hiyo kitu kabla ya kuniona mimi," alisema. "Nilijua ukiona jina langu utaelewa."

"Kule ndani hakuna majina," alisema Awiti. "Ni namba tu."

Inderjit alimtazama Mzee Pranlal, na Mzee Pranlal akaitazama kamera. Awiti alikusanya picha zake saba za kijivu bila kumwangalia mtu. Miaka sita ya kazi hajawahi kurudishiwa picha, na siku ya kwanza inakuwa hii, na mteja ni huyu. Akasema, ngoja. Akarudi gizani na negativu.

Akaiweka negativu ya tatu kwenye mashine ya kukuzia, na safari hii mkono wake ukakaa mbali na vichujio ulivyovizoea. Alipowasha taa nyeupe, karatasi ilikuwa bado inachuruzika. Pazia la kijani lilikuwa limeshuka kutoka juu ya mlima mpaka karibu na ardhi, limejikunja kama shuka kwenye kamba, na pindo lake la chini lilikuwa na uwaridi mwembamba. Na yeye, Awiti Oloo, alikuwa ameugeuza uzuri wote ule ukawa moshi. Alisimama na picha mkononi mpaka maji yakamlowesha kiatu.

Kisha akawatazama wale watu wawili. Sasa picha ilikuwa kubwa. Mmoja alikuwa na kilemba chini ya kofia ya koti. Wa pili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa yule wa kwanza, alikuwa mwanamke.

Ile furaha iliyokuwa imeanza kumpanda ikashikwa na kitu kingine katikati ya njia, na Awiti hakujua alee kipi. Huyu mtu amemletea anga, au amemletea mke? Kwa nini amwonyeshe vyote kwenye karatasi moja? Aliikausha haraka kuliko ilivyopaswa, akatoka nayo.

Mzee Pranlal alimwona usoni, akaweka kamera chini.

"Nendeni studio," alisema. "Nje iko mvua. Mlango wacha wazi."

Studio ilikuwa chumba cha nyuma wanapopigiwa watu picha za familia. Palikuwa na benchi ya fito za kusukwa mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na hapo ndipo walipoketi, kila mmoja mwisho wake, kama wachumba waliokataa kutabasamu. Awiti aliiweka picha katikati yao.

"Huyu ni nani?"

"Tara."

Hakuficha, na hilo lilimuuma Awiti zaidi kuliko kama angeficha. Tara alikuwa binti wa Leicester, Uingereza, chaguo la mama yake, ambaye jina lake lilimfikia Inderjit kwa barua ya nyumbani mwezi wa Desemba. Mwezi wa pili yeye na kaka yake na wifi yake walivuka mpaka Uswidi ili vijana waonane. Walipoonana wakakosa la kusema, ndipo yule wifi akatoa shauri la kwenda Abisko, maana anayetazama mbingu halazimiki kuzungumza. Siku tatu mawingu yalifunga. Ya nne mbingu ikafunguka, na kaka mtu akapiga picha.

"Ndiyo maana barua ziliisha," alisema Awiti.

"Nilikuwa naandika, napasua. Naandika, napasua. Ningesema nini?"

"Ungesema Tara. Ni herufi nne."

Inderjit alikunja vidole vyake, akavikunjua. Nje mvua iliongeza kishindo juu ya mabati ya uani.

"Wacha nikwambie kitu moja, halafu unifukuze," alisema. "Ile usiku, ilianza kidogo tu, pale juu ya mlima. Halafu yote ikawaka mara moja. Nikashika mkono wa mtu aliye karibu na mimi nikasema, 'Awi, ona. Ona pale.' Kwa Kiswahili, Awi. Huyo msichana hajui Kiswahili hata neno moja. Lakini jina ni jina. Alilisikia."

Awiti aliivuta picha karibu.

"Akasema nini?"

"Alitoa mkono wake, pole pole, akavaa glavu."

Awiti aliitazama tena picha. Mkono ulikuwa bado ndani ya mkono. Kaka mtu alibonyeza kamera kabla ya ile glavu. Alimhurumia yule msichana aliyetoka mbali vile, kwenye baridi vile, kuja kuitwa jina la mwingine. Alijihurumia na yeye. Ajabu ni kwamba katikati ya huruma hizo mbili alikuwa na furaha ya wizi, furaha ya mtu aliyetajwa usiku mahali ambapo hajawahi kufika, na akaona haya kuwa nayo.

"Na mama yako?" aliuliza. "Yeye umemwambia nini?"

Hapo Inderjit akarudi kuwa yule wa miezi tisa iliyopita. Mama anangoja picha. Jumapili wajomba wanakuja chai, anataka kuwaonyesha. Tara amewaambia watu wake kwamba bado anafikiria. Mama anajua tu kwamba walikwenda na wakarudi. Ndugu mkubwa yuko Kanada, baba hayupo, mama amebaki na yeye tu, na presha ile.

"Hiyo presha naijua kuliko daktari wake," alisema Awiti. "Mimi pia niko na presha, Inder. Tofauti ni kwamba yangu hakuna mtu anaipima. Filamu umeleta ili iongee badala yako. Barua zilitakiwa ziongee badala yako. Hata mimi ukiniita, unaniita mbele ya mtu asiyejua unasema nini. Siku gani utafungua mdomo mwenyewe?"

"Nimechanganyikiwa, Awi. Nipe wiki mbili."

"Sina hata saa mbili." Akamwambia habari za Jumamosi, za Dalmas, za neno analongojewa kulitoa jioni. Alimwambia pole pole, akimtazama usoni kuona kama kutabadilika kitu. Kulibadilika. Shingo ya Inderjit ilisimama.

"Unampenda?"

"Ana meno mazuri."

"Awi, tafadhali."

"Simpendi. Lakini anajulikana anataka nini. Wewe, nimekujua miaka karibu mitatu na sijui."

Alingoja. Kama kulikuwa na wakati wa mwanamume kusema neno, ulikuwa huo, na Awiti aliuacha ukae wazi kadiri alivyoweza. Inderjit alifungua mdomo mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mimi pia sijui nikwambie nini." Na Awiti, ambaye alidhani kauli kama hiyo ingemtia hasira, alijikuta anaiamini. Hata yeye hakujua. Alichokijua ni kidogo sana, kiasi cha kutosha sentensi moja, akainuka kwenda kuisema kabla haijampotea.

Simu ya duka ilikuwa kaunta. Alimwomba mzee ruhusa, akapiga Kileleshwa. Peres alipokea mlio wa kwanza, maana tangu asubuhi alikuwa amekaa karibu.

"Sista, waambie wasije," alisema Awiti.

Upande wa pili kulikuwa na pumzi ndefu. "Ni juu ya yule Singasinga wako? Amerudi?"

"Amerudi. Lakini si juu yake, ni juu yangu. Siwezi kuolewa na mtu kwa sababu mwingine amenyamaza. Dalmas hajanikosea kitu cha kumfanyia hivyo."

Peres alimwuliza kama anajua umri wake. Akamwuliza kama anajua mama yao atasema nini. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, akauliza nyama aliyoagiza jana italiwa na nani. Kumbe nyama huagizwa hata kwa labda. Awiti alisema wataila wao wenyewe, akaweka simu chini.

Inderjit alikuwa amemfuata mpaka kaunta. Alikuwa amesikia yote, na usoni pake palikuwa na tumaini lililomkera Awiti mno.

"Usifurahi," alimwambia. "Sijakataa yeye ili nikuchukue wewe. Picha zako nitaziosha upya, na kijani yake yote, zitakuwa tayari kesho. Na nakala za kumpelekea Tara pia nitaziosha vizuri. Unaweza kumtuma mtu."

Aligeuka kuelekea chumba cha giza. Alikuwa ameshashika lile pazia zito la mlangoni aliposikia Inderjit akimwomba Mzee Pranlal simu, na mzee akimjibu kwamba simu ni ya wateja, apige. Gurudumu la namba likazunguka mara sita. Kisha Inderjit akaanza kuzungumza Kipunjabi.

Awiti hakujua Kipunjabi. Alisimama akiwa amewapa mgongo, akisikiliza sauti ambayo haikupanda wala haikushuka. Huenda alikuwa anaomba gari lije kumchukua kwenye mvua. Huenda alikuwa anasema ndiyo, Jumapili, waiteni wajomba. Kisha, katikati ya maneno yale yote yasiyoshikika, akasikia: Awiti. Akadhani amejidanganya. Likaja tena, jina lote, kama lilivyoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Aligeuka. Mzee Pranlal, jirani wa Wapunjabi kwa miaka arobaini, alikuwa ameacha kujifanya hasikii.

Inderjit alikuwa akisikiliza, simu sikioni, uso umemwisha damu. Kisha akaunyoosha mkono wa simu juu ya kaunta.

"Anataka kuongea na wewe."

"Umemwambia nini?"

"Nimetaja jina lako," alisema. "Halafu sikujua niendelee vipi."

Awiti alimwangalia huyu mwanamume, mhandisi mzima wa simu, ameishikilia simu kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Hakujua kama amekombolewa au amesukumwa shimoni. Aliipokea, kwa sababu mtu mzima hangojeshwi.

"Hujambo, Mama," alisema.

Ikaja sauti ya mwanamke wa makamo, kavu, isiyo na haraka, kwa Kiswahili cha Parklands.

"Wewe mtoto ya nani?"

Awiti akaegemea kaunta. Akaanza kueleza: ni mtoto wa Oloo, aliyekuwa karani wa posta Kisumu, na mama yake ni mshonaji, na wao ni watano, yeye wa tatu. Alieleza baba, alieleza babu, alieleza kijiji na mto unaopita hapo, na kila alipovuta pumzi alingoja kusikia simu ikikatwa. Haikukatwa.